Jumamosi Kati ya Kitchener na Waterloo

Irma Zettel alikuwa na miaka sitini na mmoja, ameshastaafu kushona kola kwenye kiwanda cha mashati cha Kitchener, siku alipokutana na kaka yake baada ya miaka kumi na moja ya kununiana. Reli ya zamani ilikuwa imeng'olewa, na pale garimoshi la mizigo lilipokuwa likipita nyuma ya viwanda na nyua za watu pakawa njia ya waenda kwa miguu na baiskeli mpaka Waterloo. Irma alikuwa akijiendea katikati ya njia, mawazo mbali, kengele ikalia mgongoni kwake.

"Napita kushoto, mama! Jibane kidogo!"

Sauti ile aliijua kabla hajageuka. Alvin naye alipomwona uso alikamata breki kwa nguvu mpaka gurudumu la nyuma likaserereka. Wakatazamana.

"Umenenepa," Alvin alisema.

"Na wewe nywele umempa nani? Shuka basi, usinisimamie kama polisi."

Hivyo ndivyo ugomvi wao ulivyoisha, au tuseme ulivyowekwa kando. Ulianzia kwenye mazishi ya mama yao. Alvin alikuwa mtu wa breki kwenye garimoshi lililotumia reli hiyohiyo, na siku ya mazishi hakutokea. Alisema wakubwa wake walimnyima ruhusa. Irma akamwambia kwenye simu kwamba mtu hana mama wawili hata aombe ruhusa mara moja, akinyimwa anyamaze. Basi wakaachana hapo. Miji ile imeshikana kiasi kwamba mgeni hajui ametoka wapi na ameingia wapi, lakini wao waliishi kama waliotengwa na bahari.

Baada ya siku ile wakawa wanakutana kila Jumamosi asubuhi. Irma alitoka nyumbani kwake Kitchener, akakatiza bustani ya Victoria akiwafokea bata bukini wanaoziba njia, na Alvin akaja na baiskeli kutoka Waterloo. Walikutana kwenye benchi nyuma ya kiwanda cha ngozi kilichofungwa. Irma alileta kahawa kwenye chupa, Alvin mkate mweusi na soseji kavu. Aliyefika wa kwanza ndiye aliyekuwa na haki ya kulalamika. Walizungumza habari za majirani, za magoti, za padri mpya asiyejua kuimba. Habari za mama hawakuzigusa hata mara moja, na miaka kumi ikapita namna hiyo.

Kisha mwaka mmoja, majira ya kuchipua, Alvin alianza kuchelewa. Irma akichoka kukaa aliinuka akamfuata, akamkuta amepumzika kwenye daraja la kijito, baiskeli anaisukuma kwa mkono.

"Umechelewa, kaka."

"Sijachelewa. Njia ndiyo imerefuka."

"Na hiyo baiskeli imeharibika?"

"Nzima kabisa. Naitembeza tu ipate hewa."

Irma alicheka, lakini aliuona mdomo wake umekuwa na rangi ya samawati. Daktari alikuwa amemwambia Alvin kwamba moyo wake umechoka. Hilo Irma alilisikia kwa jirani wa Alvin, Bi. Dragica, si kwa Alvin mwenyewe. Toka hapo hawakukutana tena kwenye benchi lao. Mwezi wa Juni ilikuwa darajani. Agosti ikawa pale njia inapokata barabara kuu, hatua chache tu kutoka nyumbani kwa Alvin. Kila mara Irma alitoka nyumbani mapema zaidi bila kusema, na Alvin alijifanya haoni. Jumamosi moja ya Septemba hakumwona popote, akaenda mpaka mlangoni kwake. Alimkuta amekaa kwenye kiti cha jikoni, koti mwilini, ameinamia viatu, kamba zimemshinda. Irma alipiga magoti akamfunga, kama Alvin alivyomfunga yeye zamani wakienda shule.

Oktoba, majani yamekuwa mekundu, walikaa pale barabarani kwenye ukuta mfupi wa mawe. Alvin aliyatazama magari yakipita.

"Irma. Siku ya kumzika Mama mlisimamishwa hapa."

"Najua. Garimoshi lilikuwa refu. Nilihesabu mabehewa ili nisilie."

"Kwenye la mwisho nilikuwa mimi. Nimesimama nje, nimeshika chuma."

Irma aliiweka kahawa chini.

"Niliona gari lenye sanduku lake, na maua. Wewe nikakuona kwenye kioo cha gari la nyuma. Tulikuwa tunakwenda polepole, hata mtoto angeweza kushuka. Sikushuka."

"Lakini walikunyima ruhusa."

"Sikuomba."

"Unasemaje?"

"Sikuomba, mdogo wangu. Wiki nzima Mama aliniita hospitalini, sikwenda. Niliogopa. Sasa ningemtazama vipi akiwa sandukuni?"

Irma alimwaga kahawa iliyobaki kwenye nyasi, akafunga chupa. "Inuka nikufikishe kwako," alisema. Alimfikisha, akamvua viatu, akaelekea mlangoni.

"Jumamosi?" Alvin aliuliza.

Alitoka kana kwamba hakusikia.

Siku za mwanzo alitunga maneno makali akiosha vyombo, akayasema peke yake kwa sauti. Kufika Alhamisi hasira ilikuwa imepoa, na chini yake akakuta jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Usiku wa mwisho wa mama yao, yeye mwenyewe alishindwa kuvumilia ile pumzi ya kukwama. Alimwambia nesi anakwenda kubadilisha nguo, akakaa nyumbani gizani mpaka simu ilipolia. Mama alikuwa amekufa peke yake. Irma aliamua kwamba Jumamosi atamwambia Alvin. Alioka keki ya matofaa kabisa.

Ijumaa asubuhi Bi. Dragica alipiga simu. Alvin alikuwa amefia palepale kwenye kiti cha jikoni.

"Alisema lolote?" Irma aliuliza.

"Jana jioni aliniuliza kama Jumamosi kutanyesha. Nikamwambia kutakuwa na jua."

Walimzika Jumatano. Magari ya mazishi yalipita pale barabarani bila kupunguza mwendo, kwa kuwa hapakuwa tena na reli ya kuyasimamisha. Irma alitamani kitu chochote kiyazuie, hata kwa dakika moja.

Jumamosi iliyofuata miguu ilimpeleka yenyewe. Alipita bustani, benchi, daraja, akafika kwenye ukuta wa mawe akakaa.

"Na mimi nilimkimbia, Alvin," alisema. "Usiku ule sikuwapo."

Kijana mmoja wa baiskeli alipunguza mwendo. "Unasema na mimi, mama?"

"Hapana, mwanangu. Pita tu."

Kijana akapita. Irma alikaa mpaka baridi ikaanza kumuuma vidole, kisha akainuka kurudi Kitchener, safari ndefu kwa mtu wa miaka sabini na moja. Alikwenda tena Jumamosi nyingine tatu, mpaka theluji ilipoifunga njia.