Magunia Juu ya Darasa

Niliamini, kwa moyo wote na kwa vyeti vyangu vyote vya masomo ya jioni, kwamba chupa ya maji ikiwekwa paani hukusanya jua kama tangi linavyokusanya mvua, na ikijaa hulipuka. Jirani yangu pale kwenye karakana za jua kali Kariobangi, tunapochomelea milango, aliniapia kuwa karakana nzima iliwahi kurushwa hewani, vifuniko vya sufuria vikaokotwa Kariokor. Sikumuuliza swali hata moja.

Sasa, shule ya binti yangu, huko Mbotela, ilikuwa na stoo yenye giza la kukatwa kwa msumeno. Mwalimu mkuu, mama asiyecheka ovyo, akawaambia Gredi ya Sita waibuni wenyewe iwe darasa lao, bila taa ya stima. Binti yangu ndiye aliyechora: matundu kumi na mawili kwenye mabati, kila tundu na chupa ya plastiki ya maji yenye klorini kidogo, nusu nje, nusu ndani. Nikaitwa mimi, mzazi fundi, kutoboa na kuziba kwa lami. Mwalimu mkuu alisema Ijumaa ataketi dawati la nyuma na kitabu. Asipoona kusoma, matundu yazibwe na stoo irudi kuwa stoo.

Kazi niliifanya safi, hata kunguru wa Nairobi nzima walikuja kuikagua. Ila kila asubuhi nilipanda ngazi nikazifunika chupa kwa magunia, zisijae. Sababu sikuitoa, nisije nikawatia watoto hofu. Mwalimu wao alidhani magunia ni sehemu ya ufundi.

Shukrani yao? Walitafuta fito wakayasukuma. Nikaongeza mawe. Wakaleta fito ndefu zaidi. Nikafunga kwa waya.

"Fundi, hatuoni ubao!"

"Ngojeni saa kumi, nitafunua."

"Saa kumi tumeenda home, mzee! Hii umetujengea ni class ama kaburi?"

Watoto wa siku hizi! Unawaokoa wasichomeke, wanakucheka. Binti yangu akaacha hata kunipitishia chumvi mezani.

Ijumaa ikafika. Mwalimu mkuu akaketi nyuma, akafungua kitabu, akakisogeza hadi kikamgusa pua.

"Sioni hata kichwa cha habari," alisema. Akamtazama binti yangu. "Mlijitahidi. Fundi, ziba."

Binti yangu hakulia. Aliukunja mchoro wake mara nne, polepole, akautia kwenye soksi. Hilo liliniuma kuliko kilio.

Nikapanda na kopo la lami. Huwezi kuziba tundu lililofunikwa, kwa hiyo nikakata waya, nikavuta gunia la kwanza, la pili, la tano. Chini kukalipuka kelele.

"Tokeni nje!" nilipiga yowe, nikikumbatia ngazi. "Zinalipuka!"

Hakutoka mtu. Kelele zikatulia, nikasikia sauti ya mwalimu mkuu kutoka dawati la nyuma, ikisoma. Alisoma ukurasa mzima bila kukwama, akafungua mwingine.

Binti yangu akaja chini ya ngazi, mikono kiunoni.

"Baba, nini ingelipuka?"

Nikamweleza yote: tangi, jua, karakana.

"Baba," alisema, "maji hayaweki jua. Yanapitisha mwanga tu. Usiku hizo ni chupa za maji tu."