Mama Mkasi na Mpelelezi wa Wafu

Ofisini walimwita Mama Mkasi. Jina alilipata ujanani, enzi filamu zilipokuwa utepe, naye akiketi mezani na mkasi mdogo, akikata busu hapa, kisu pale, kisha akiunganisha ncha kwa gundi hata mtazamaji asijue kilichotoka. Mikasi ilikwenda na wakati wake. Siku hizi kazi yake ilikuwa kutazama na kutoa hukumu: hii inawafaa watoto, ile wangoje wakue, nyingine haina uzuri wala ubaya, ni kuunguza umeme tu. Jina likabaki. Majina ya utani hayastaafu.

Asubuhi moja waliletewa katuni za Kijapani, mfululizo wa msichana mpelelezi anayezungumza na wafu. Sauti zilikwishatiwa Kiswahili. Mama Mkasi alikagua na mwenzake, mwigizaji wa zamani wa michezo ya redio, mtu mnene mwenye sauti ya kutoka mtungini. Walikuwa na desturi yao: kila sehemu waliitazama kwanza bila sauti, kisha wakakigeuzia ukutani kioo cha mtambo wakaisikiliza bila picha, kwani picha nzuri huficha maneno mabovu. Na sheria ya chumba kile ilikuwa moja. Sababu ya hukumu itoke kwenye kioo, isitoke nyumbani kwako.

"Mbona miguu imekakamaa?" alisema Mama Mkasi. "Wanatembea kama wamevaa suruali za kuazima."

"Wino wote umeishia kwenye macho, dada. Yaone, kama sahani!"

Lakini vivuli viliwanyamazisha. Vivuli vya walio hai viliikimbia taa, kama ilivyo ada. Vya wafu viliielekea. Tena mfu hakuruhusiwa kumtaja aliyemuua, na alijibu swali moja tu. Mpelelezi ilimbidi atumie kichwa.

"Hakuna kuibia," alisema mwigizaji. "Mchezo wa haki huu."

Ikaja sehemu ya mwanamke aliyeandika barua dirishani, amewapa mgongo. Kimya kimya walimwona akizikunja, na mtoto wa kike akizipokea, akirukaruka. Mama Mkasi akatabasamu. "Hii hata wa chekechea waione."

Wakageuza kioo, wakasikiliza. Barua zilisomwa kama za mama wa yule mtoto, mama aliyekwisha kuzama mtoni zamani. Mwandishi wa kweli alikuwa shangazi, na kila alipoandika kilisikika kilio cha kuzibwa mdomo. Kisha mpelelezi akamwuliza marehemu kwa nini haendi kupumzika. Sauti ikajibu, "Nitaendaje, na mtoto bado ananingoja?"

Mama Mkasi aliinuka akazima mtambo. Katika chumba kile hakuna aliyewahi kuzima katikati.

"Watoto wataogopa," alisema.

"Waogope nini? Damu hakuna, kelele hakuna."

"Mama mfu anaongea!"

"Dada, tangu asubuhi wafu wanaongea. Ndiyo ajira yao humu."

"Basi ifungiwe yote."

Mwigizaji hakucheka. "Sababu umeitoa wapi?"

Mwigizaji alikwishajua. Alikuwapo kwenye msiba. Binti wa Mama Mkasi alimwachia mtoto wake, akaenda ng'ambo kufua nguo za hospitali, homa ikamchukua, akazikwa huko huko. Matanga yaliwekwa kwa mjomba wa marehemu, mjukuu akiwa amepelekwa kwa jirani asisikie vilio. Mtoto alikuwa mdogo; alijua kwamba mama amesafiri, nao wakaliacha neno hilo lilivyo. Kisha zikaanza salamu. Mama Mkasi alishika simu jikoni, akasema na hewa, "Ndiyo mwanangu, anakula vizuri," akageuka: "Mama yako anakusalimu sana." Mtandao ulikuwa mbovu kila mtoto alipotaka kuongea mwenyewe.

Katuni ile ikipita, ingeonyeshwa saa watoto wanapotoka shule. Mjukuu angeambiwa na kikaragosi jambo ambalo bibi yake alimnyima. Ikifungiwa, simu ya jikoni ingeendelea.

Alirudi kitini.

"Washa, kaka," akasema hatimaye.

Waliisikiliza hadi mwisho. Kisha akasimama, kama ilivyotakiwa, akahukumu. Miguu ni mibovu. Vivuli ni kazi ya fundi. Hadithi haimhadai mtu. Inawafaa watoto, wakiwa na mkubwa pembeni. "Na huyo mkubwa," aliongeza, "awe tayari kuulizwa."

"Nenda nyumbani," alisema mwigizaji. "Zilizobaki niachie."

Alimkuta mjukuu kitandani, amelala kifudifudi, akichora kitabuni. Akaketi sakafuni. Maneno laini yalimjia mengi, amepumzika, ametutangulia, akayakata yote.

"Mama yako alikufa, mjukuu wangu."

Mtoto aliweka penseli chini. "Lini?"

"Kabla hujaanza shule."

"Lakini alisema nimeshinda mtihani."

"Nilisema mimi."

"Na ile kwamba ananiota?"

"Mimi."

Akazitaja salamu zote alizozikumbuka, moja baada ya nyingine, na kila moja bibi akajibu, mimi. Mwishowe mtoto akauliza kwa sauti ndogo, "Hata moja, Bibi? Hata moja si yake?"

Mama Mkasi alitafuta. Ilikuwapo moja, ya zamani. "Alisema nisikubane nywele. Kichwa kinakuuma."

Mtoto alivivuta vibanio kimoja kimoja, akavitupa chini. Kisha akageukia ukuta, akalia. Bibi alinyoosha mkono, ukasukumwa. Akauweka pembeni ya godoro, kiganja juu, akauacha hapo mpaka chumba kikaingiwa na giza.