Mpiga picha wa Newala, tembo wa Ruvuma na dumu la njano

Kumekucha, lakini jua bado halijapanda juu ya miti. Optatus Nikolao amelala kifudifudi kwenye mchanga wa Mto Ruvuma. Kamera ameilaza juu ya kiroba cha pumba, jicho moja amelifumba, jingine liko kwenye kamera. Tangu afike hajakohoa wala kujikuna. Mbu wanamla shingo, naye anawaacha wale.

Ng'ambo, upande wa Msumbiji, matete yanatikisika na upepo hakuna. Ni tembo. Msimu huu mabibo yameiva na kuanguka chini ya mikorosho ya upande wetu, na harufu yake inavuka mto. Asubuhi yoyote kati ya hizi watavuka kuyafuata.

Nyuma yake, juu kidogo ya ukingo, ameketi mama yake mzazi, Anastasia. Rozari mkononi, dumu la njano la lita tano katikati ya miguu. Yeye hakuja kutazama tembo. Amekuja kumtazama anayetazama tembo.

"Watu wananiambia, Mama Optatus, mwanao kapata kazi nzuri," ananong'ona. "Nikasema hiyo kazi nzuri niione. Mtu analala kwa tumbo kando ya mto wenye mamba, halafu mimi nibaki nyumbani naokota korosho kama sina mtoto?"

Optatus anamjibu bila kugeuka. "Mama, tembo wana masikio makubwa."

"Haya, nimenyamaza."

Hajanyamaza. Midomo inaendelea na rozari.

Hii ni asubuhi yao ya pili hapa bondeni. Jana tembo walifika hadi majini, wakanywa, wakajimwagia maji, wakarudi walikotoka. Optatus akafungasha kamera yake akiwa na picha za matete.

Ana miaka thelathini na mmoja. Pale Newala mjini ana chumba cha studio karibu na stendi, chenye pazia jeupe, pazia la bluu na kiti kimoja kisichokuwa na egemeo. Kushika kamera alifundishwa na mjomba wake, aliyekuwa akipiga picha za ubatizo na komunio huko Ndanda. Kwa miaka mingi kazi ilikuwa hiyo hiyo: paspoti, harusi, mahafali, watoto wakitoka jandoni na nguo mpya.

"Simu zimetumaliza," anasema. "Sasa hivi kila mtu mpiga picha. Bibi harusi anapigwa na wajomba zake wote, mimi naonekana kama nimekuja kula. Zimebaki paspoti, na paspoti nne ni shilingi elfu nne. Wiki nyingine unapata watu sita."

Tembo alimpata kwa bahati. Miaka minne iliyopita aliitwa kupiga harusi katika kijiji kimoja cha bondeni, na alfajiri akiwa anasubiri usafiri akaona kichwa kikubwa kinatoka majini. Picha ile aliisafisha kubwa. Nyumba moja ya wageni ya Masasi ikainunua na kuitundika mapokezi, na wageni wakawa wanauliza aliyeipiga yuko wapi. Tangu hapo, kila mabibo yakiiva, Optatus anafunga studio siku za katikati ya wiki na kushuka mtoni.

Tatizo lake ni moja, na ndilo linalomnyima mama yake usingizi. Lenzi yake ni fupi.

"Wenye lenzi ndefu wanakaa juu kule kwenye genge, wananywa chai, tembo wanamvuta hapa," anasema akionyesha puani. "Mimi yangu inanitaka nisogee. Nikikaa juu, tembo anatoka kama sisimizi. Kwa hiyo nashuka mpaka kwenye maji."

Lenzi ndefu iliyotumika inauzwa zaidi ya milioni mbili. Mwaka huu mchapishaji mmoja wa kalenda wa Mtwara amemwahidi kiasi cha kutosha kuinunua, kwa picha moja tu: kundi la tembo likivuka, mtoto yuko katikati, mkonga wake peke yake ndio uko juu ya maji. Picha hiyo ikipatikana, Optatus hatalala tena mchangani.

Basi mtu anayeitamani kuliko mpigaji mwenyewe ni huyo aliyeketi na dumu. Jana jioni Anastasia aliwasalia hata tembo.

Mwenyeji wao hapa ni Fakihi, mkulima wa bondeni anayelima mpunga na kulinda mikorosho yake dhidi ya tembo hao hao. Mkono wake wa kushoto unaishia kwenye kiwiko. Uliobaki uko kwa mamba, na yeye mwenyewe husema hivyo kama mtu anayetaja shamba alilokopesha.

"Shikamoo mama," alimsalimu Anastasia siku ya kwanza.

"Marahaba baba. Mkono pole."

"Nimeshapoa. Sasa sikiliza, mama yangu. Maji tunachota pale tu." Akamwonyesha mahali ambapo wanakijiji wamesimika magogo ndani ya mto yakazunguka kama zizi. "Ndani ya uzio. Nje ya uzio huchoti. Ukilazimika, unatumia kata yenye mpini mrefu, na kesho huendi tena pale pale. Mamba hana haraka. Leo anakuangalia tu. Kesho ukirudi, anakujua."

Anastasia aliitikia vizuri. Fakihi akamgeukia Optatus. "Hawa watu wa juu nawajua mimi. Wakiona maji wanakuwa kama wameona mahari."

Na hapo alisema kweli bila kujua ukubwa wake. Anastasia alizaliwa Newala miaka ambayo bomba lilikuwa habari ya kusimuliwa. Juu ya uwanda hakukuwa na maji, yalikuwa chini ya mteremko. Wasichana walishuka gizani na kupanda jua likiwa utosini, ndoo kichwani, wakipumzika kwenye kila kona ya njia. Ilikuwa mwiko kwa mwanamke kupanda kutoka majini mikono mitupu. Hata kama ulishuka kwa msiba, ulipanda na chochote chenye maji, japo kikombe. Aliyepanda mitupu aliulizwa njia nzima ana ugomvi na nani nyumbani.

Sasa ana kisima cha saruji kinachopokea maji ya bati, na bomba nalo hutoka siku zake. Lakini dumu lilipakiwa kwenye bodaboda kabla ya chakula.

Jana, wakati wa kuondoka mtoni, ndani ya uzio kulikuwa na wanawake wanafua na maji yamekuwa tope. Anastasia akasogea pembeni, mahali ambapo maji meupe yanapita juu ya mchanga na hayafiki hata kwenye goti. Akachota, akarudi, na hakuna aliyemwona.

"Nilijiambia mamba atajificha wapi hapa?" anasema. "Unaona mpaka kucha zako. Sisi maji ya mteremkoni yanatoka kwenye mwamba, hayana kitu ndani yake. Mimi sikuwahi kuogopa maji. Niliogopa kuyakosa."

Asubuhi hii matete yanafunguka.

Tembo jike mkubwa anatoka kwanza, anasimama, ananusa. Nyuma yake wengine wanne. Na kati ya miguu yao, kama mtu aliyesukumwa kwenye foleni asiyoijua, mtoto.

Kidole cha Optatus kiko tayari. Tembo mkubwa anaingia majini, wengine wanamfuata, maji yanapanda magotini, tumboni. Mtoto anazama mpaka machoni na kuinua mkonga wake mdogo. Kamera inalia, inalia tena. Bado wako mbali. Katikati ya mto kuna fungu la mchanga, na wakilifikia watakuwa wamesogea vya kutosha. Ndiyo picha yenyewe.

Anastasia naye ameona. Moyo umemtulia kwa mara ya kwanza tangu washuke. Anajua mwanawe akimaliza tu, wataondoka. Basi ni wakati wa kujaza dumu la kupanda nalo, maji ya jana yameshatumika. Ananyanyuka polepole asimsumbue mtu, anavua kandambili zisipige kelele, anashuka kwenye yale maji meupe ya jana.

"Nilikuwa nawahesabia hatua," Optatus anasimulia baadaye. "Mara nabonyeza, naona kwenye kona ya picha kumeingia khanga. Nikakasirika kwanza. Nikasema nani huyu ananiharibia? Halafu nikaiona khanga yenyewe, ni ya komunio ya binti yangu. Nikaona dumu. Na mbele ya dumu maji yamevimba mahali ambapo hakuna jiwe."

Hakuita. Aliacha kamera juu ya kiroba, akakimbia.

Dumu lilikuwa linakaribia kujaa, linatoa ile sauti yake ya koo, Anastasia ameinama ameshika mpini. Optatus alimkamata fundo la khanga kwa mkono mmoja na bega kwa mwingine, akamvuta kwa nguvu zake zote, wakaanguka wote wawili mchangani kwa mgongo. Maji yalipasuka mbele ya miguu yao. Kichwa kilitoka, kikafunga kinywa, kikarudi. Kilichosikika ni plastiki ikivunjika.

Tembo mkubwa akapiga kelele moja iliyotetemesha ukingo. Kundi zima likageuka, mtoto akizungushwa kwa mikonga, na kwa muda mfupi matete ya Msumbiji yakawa yamefunga tena.

Kisha mto ukatulia kana kwamba hakujatokea kitu.

"Nnungu wangu," Anastasia alimwita Mungu kwa Kimakonde. Alijigusa miguu, mmoja halafu mwingine. Ndipo akasema, "Umeniumiza bega."

"Pole, mama."

"Na picha?"

Optatus alitazama ng'ambo. "Wameondoka."

Anastasia hakulia kwa ajili ya mamba. Alilia kwa ajili ya picha. "Mimi ndiye niliyekuja kukulinda," alirudia mara kadhaa, naye mwanawe akawa anampangusa mchanga mgongoni kama anayepangusa mtoto.

Fakihi alifika mbio na fimbo yake. Akaangalia nyayo, akaangalia maji, akakaa chini. Dumu lilikuwa limeibuka mbali, limebonyea katikati, linaelea kuelekea baharini.

"Mama," alisema alipopata pumzi, "huyo mamba miaka yote anakunywa kwa mdomo. Leo wewe umemletea chombo."

Anastasia akacheka huku machozi yakimtiririka.

Uji waliunywa nyumbani kwa Fakihi. Optatus akafuta mchanga kwenye kamera na kuziangalia picha moja moja. Nyingi ni tembo waliotoka wadogo kwa umbali, si za kalenda. Ya mwisho aliitazama muda mrefu, kisha akampa mama yake.

Tembo wapo, wote, na mkonga wa mtoto unaonekana. Kwenye kona ya kushoto kuna mwanamke ameinama, mgongo kwa kamera, dumu la njano mkononi. Mbele yake, karibu kuliko urefu wa mpini wa jembe, kuna vivimbe viwili juu ya maji. Macho.

"Nilikuwa nikitazama pale pale," alisema Anastasia. "Sikuona kitu."

Kisha akatoa uamuzi. Mgao wake wa korosho wa msimu huu, uliokuwa wa kubadilisha bati, utakwenda kwenye lenzi. Ile ndefu. Mwanawe akae juu na kunywa chai kama wenzake.

"Ahsante, mama," alijibu Optatus taratibu. "Lakini lenzi ndefu isingekuona. Ile inavuta tembo tu. Hii fupi inabeba kila kitu, ndiyo maana ulikuwemo."

Jambo hilo lilimwingia. Alizungusha kikombe cha uji kisichokuwa na uji. "Basi nunua hiyo ndefu, na hamtashuka mmoja mmoja tena. Mmoja atazame wanyama, mwingine atazame maji. Asiyekuwa na wa kumtazamia maji akae kwao."

Ndivyo walivyokubaliana. Juu ya genge, Fakihi na Optatus watajenga dungu la miti kama yale ya kulindia mpunga, na Fakihi ndiye atakayetazama maji. Mabibo bado yapo chini ya mikorosho. Tembo watarudi, na mtoto bado ni mdogo.

Picha ya kona ya kushoto haitauzwa. Optatus anataka kuisafisha kubwa na kuitundika kwenye kijiwe cha bodaboda, njia ya kushukia bondeni inapoanzia. Jumapili hupita hapo vijana wa Masasi, Tandahimba na Newala kwenyewe, wamepakiana watatu watatu, wanakwenda kujirekodi na tembo kwa simu. Husimama ndani ya maji, migongo mtoni, wanaitazama simu na kutabasamu. Nyumbani kila mmoja ana mama aliyeambiwa kwamba mwanawe kaenda kutembea.

"Makalio yangu yote yale yakae kijiweni?" aliuliza Anastasia.

"Ndiyo yatakayowasimamisha, mama," alisema Fakihi.

Anastasia alikubali kwa sharti kwamba chini ya picha paandikwe maneno yake mwenyewe, na akayasema hapo hapo: "Huyu naye aliambiwa."

Adhuhuri bodaboda iliwafikisha chini ya mteremko, mahali ambapo pikipiki haiwezi kupanda na watu. Wakashuka watembee. Kwenye kona ya kwanza, walipokuwa wakipumzika wasichana wa zamani, walikutana na mwanamke anayeshuka, akamtazama Anastasia mikononi na kumuuliza kwa mshangao kama maji yameisha mtoni.

"Yapo," alijibu. "Yamejaa tele."

Akamshika mwanawe mkono, wakaendelea kupanda.