Masikio Hayadanganyi

Nyumba ninayoishi ilikuwa ya mama yangu. Iko West Indies, mtaa wa Eldoret, karibu na mjini kiasi kwamba ukisahau chumvi unaenda kuinunua na ndara miguuni na kurudi kabla sufuria haijachemka. Nilizaliwa humo, nikaondoka nilipomaliza kidato cha nne, na kwa zaidi ya miaka ishirini nikawa mtu wa kuaga. Nimewapikia wajenzi wa barabara Turkana. Nimeuza mitumba Busia. Nimefua shuka katika nyumba ya wageni Moyale, na Voi nilikaa kwa sababu tu nilipenda jinsi treni ya mizigo ilivyopita alfajiri. Kila nilipofika nilianza kupakumbuka nilipotoka, na sijawahi kupata dawa ya ugonjwa huo.

Mama alipofariki nilirudi kumzika, kisha nikabaki. Kaka yangu, ambaye anafanya kazi Nairobi, alitaka tuuze. Mimi nikamwomba tuwapangishie wasafiri vyumba viwili vya mbele. Eldoret haikosi wageni. Kuna wazazi wanaokuja kwa mahafali, kuna wakimbiaji wa nje wanaofuata hewa yetu nyembamba, na kuna watu wenye mgonjwa hospitalini. Kaka alikubali shingo upande. Kwangu ilikuwa kama ndoto, kwani sasa safari zilikuwa zinanijia zenyewe, zikivua viatu mlangoni.

Halafu akaja mgeni mmoja mpole, mwenye kuombea chakula kabla ya kula. Aliondoka na televisheni, meko ya gesi na blanketi za mama. Kitambulisho alichonionyesha kilikuwa cha mtu wa Kitale aliyekiangusha safarini. Picha na uso vilifanana kwa mbali, nami niliangalia kwa mbali.

"Sista," kaka alinipigia, sauti yake ikiwa ya chini kuliko nilivyotarajia, "ikitokea tena, tunauza. Si mambo ya televisheni. Sitaki kupigiwa simu siku moja niambiwe nije nikutambue mochari."

Sikuwa na mahali pengine pa kwenda, na kwa mara ya kwanza maishani sikutaka kuwa napo.

Tangu siku hiyo niliweka sheria: ufunguo hautoki kabla ya kitambulisho, na kitambulisho lazima kiwe cha huyo aliyesimama mbele yangu. Nilirudia pia somo nililolipata Moyale. Afisa mmoja wa mpakani, aliyekuwa akinywa chai pale nilipofanya kazi, aliniambia kuwa watu wengi hutazama macho au pua, na wote hukosea. Mtu hunenepa, hukonda, huota mvi, hunyoa. "Tazama masikio," alisema. "Uso unaweza kudanganya. Masikio yanabaki vile Mungu alivyoyabandika." Wakati ule niliona ni maneno ya mtu mwenye chai nyingi na kazi chache.

Basi siku moja ya Julai, mwezi ambao hata kuku wetu husimama kwa mguu mmoja, alifika mama mmoja kutoka Timboroa. Alikuwa na umri wa kunizaa, amefunga kitambaa kichwani na kuvaa sweta mbili, na mkononi ana mfuko wa kiondo uliojaa nguo za mgonjwa. Nilikuwa nikimtarajia mgeni, lakini si yeye. Picha iliyokuja na maombi ya chumba ilikuwa ya msichana mwenye miwani ya jua.

"Huyo ni binti yangu," mama alisema. "Yuko Qatar, anafanya kazi za nyumba. Yeye ndiye aliyenitafutia kwa simu yake. Alisema nikufikie tu, utanipokea."

Nilimwandikia yule binti. Kimya. Mama akanieleza kuwa mwajiri wa binti yake huchukua simu asubuhi na kuzirudisha usiku.

"Mama, usijali," nilisema. "Nipe namba yako ya simu na kitambulisho."

Kwa namba nilifanya kile sote tunachofanya. Unaanza kumtumia mtu pesa kidogo, jina la mwenye laini linatokea, unalisoma, halafu unakatiza. Jina lililotokea lilikuwa la mwanamume.

"Ni la kijana wangu," alisema. "Yangu ilipotea sokoni, akanisajilia nyingine kwa jina lake."

Hilo halikunishtua. Nusu ya mama zetu wanazungumza kwa majina ya watoto wao. Nilichukua kitambulisho. Jina lilikuwa la mwanamke, pamoja na miaka ya kutosha, na uso ulikuwa wake, ningeapa ni wake. Kisha nikakumbuka blanketi za mama.

"Samahani, Mama. Naomba utoe kitambaa kidogo. Nataka kuona masikio."

Akanitazama. "Masikio?"

"Ndiyo, Mama."

"Kwani unaninunua? Mbuzi ndiye huangaliwa masikio!" Lakini alicheka, akakifungua kitambaa huku akiniinamia pale mlangoni. "Haya. Na meno je? Ninayo matano mazuri."

Masikio ya kwenye picha yalikuwa madogo, yamelala karibu na kichwa. Yake yalikuwa makubwa, yamesimama kama vishikio vya sufuria. Nilirudia kuyatazama, kwa maana sasa nilikuwa na majina matatu mkononi, la binti, la kijana na la kwenye kadi, na hakuna hata moja lililokuwa la mtu aliyesimama mlangoni pangu.

"Mama," nilisema polepole, "huyu si wewe."

Alikichukua kitambulisho, akakipeleka mbali na macho, akakirudisha karibu. Nikaona uso wake ukibadilika. Haukuwa uso wa mtu aliyekamatwa. Ulikuwa uso wa mtu aliyefika sokoni akagundua ameacha jiko likiwaka.

"Uuu! Ni cha mdogo wangu!"

Maelezo yalikuja yakikimbizana. Yeye na mdogo wake, ambaye ni mjane, wanaishi boma moja, na vitambulisho vyao hukaa pamoja katika mkebe wa siagi juu ya kabati. Wiki hiyo walikuwa wamevitoa wote wawili kwenda kujiandikisha kwa mbolea ya serikali. Asubuhi alipotoka kulikuwa na ukungu na haraka, akapapasa ndani ya mkebe, akachukua kimoja.

Kisha nikamwona akifikiria jambo jingine, na mkono wake ukaenda mdomoni.

"Na kesho?" aliuliza. "Kesho hospitalini ningetoa hiki?"

Mume wake alikuwa ameanguka kutoka juu ya lori akipakia viazi, akavunjika nyonga. Kijana wao alimleta hospitalini, kisha akarudi kwa ng'ombe. Alfajiri iliyofuata mzee angeingizwa kwa upasuaji, na mama alikuwa ameambiwa awe pale mapema, na kitambulisho chake, aweke sahihi. Ndiyo maana alihitaji kulala mjini. Ukitoka Timboroa asubuhi, na barabara ile ya ukungu, utafika wameshampeleka au wameshamwahirisha.

"Mpigie mdogo wako," nilisema.

Tukaweka simu kwa spika. Mdogo mtu alipokea akipiga kelele, kama wafanyavyo watu wanaoamini Eldoret ni mbali.

"Umefika?"

"Nimefika na wewe! Nimebeba kitambulisho chako!"

"Nilijua! Nimekuwa nikitafuta uso wangu kwenye mkebe, naona wako umenikodolea macho!"

"Sasa mbona hukupiga simu?"

"Nikapiga na nini? Sina salio, na wewe hujanitumia tangu Pasaka!"

Niliingilia kati. Nilimwomba akichukue kitambulisho cha dada yake, aende barabarani kwa mtu yeyote mwenye simu ya kupiga picha. Alisema atakwenda kwa duka la Msomali anayeuza mafuta na vipuri, pale malori yanaposimama. Baada ya muda picha ilifika kwenye simu yangu, na pamoja nayo ujumbe wa sauti wa mwenye duka, Kiswahili chake kikipanda na kushuka: "Mama, salaam aleikum. Hii kadi nimeiona kwa macho yangu. Huyo mama ni jirani, ni mteja, na mzee wake ni rafiki. Kuna lori la viazi linashuka sasa hivi. Dereva ni mtu wangu. Nimempa kadi kwa bahasha. Mwambieni mzee tunamwombea."

Kwenye picha, masikio yalikuwa yamesimama kama vishikio vya sufuria.

Nilifungua mlango wote. "Karibu ndani, Mama. Hiyo inatosha."

Hakuinuka. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki hapo barazani, mfuko magotini, mvua ikianza kunyunyiza kwenye mabati.

"Sheria yako inasema nini?" aliuliza.

"Ufunguo baada ya kitambulisho. Lakini picha nimeiona."

"Picha hata ya binti yangu ulikuwa nayo. Ngoja kadi."

"Mama, kuna baridi!"

"Mimi natoka Timboroa, mwanangu. Hii yenu si baridi, ni hewa ya friji ya duka." Akazivuta sweta zake vizuri. "Nami nina nyumba. Mtu akija na kadi ya mwingine usiku, kijana wangu akamfungulia, nitamchapa huyo kijana na ndevu zake. Wewe umeniangalia hadi masikio. Kama usingeangalia, kesho ningekuwa wapi? Acha nikae hapa mpaka nifike."

Mpaka nifike. Yaani yeye mwenyewe, kadi na uso, afike mahali pamoja.

Nilimletea chai barazani, na kiti cha pili. Tukaketi tukimenya njegere zangu za jioni, maganda yakidondoka kwenye karai. Alinieleza jinsi mzee wake anavyoogopa sindano kuliko alivyowahi kuogopa chui wa msituni. Mimi nilimweleza kuhusu Moyale, na Voi, na treni. Nilikuwa nimezoea, katika miaka yangu ya kuhama, kukasirika nilipoulizwa mimi ni nani. Chifu aliuliza, mwenye nyumba aliuliza, askari wa kizuizini aliuliza, nami kila mara nilijibu nikiwa nimekunja uso, kana kwamba nimeshukiwa. Na hapa palikuwa na mama aliyekataa kuingia nyumbani kwa watu kabla hajajulikana sawasawa. Alilichukulia swali langu kama maji ya kunawa. Sijui kama nimewahi kupewa heshima kubwa kuliko hiyo.

Dereva wa lori alisema hawezi kuingiza viazi mtaani, tukutane kwenye kituo cha mafuta. Nilikwenda na mwavuli. Alinishushia bahasha kutoka dirishani, akanitaja kwa jina nililokuwa sijampa, kwa maana mwenye duka alikuwa ameshamweleza kila kitu. "Alisema usinipe chochote," dereva aliniambia, "labda pole." Nilimpa pole ya njia, akaondoka akicheka.

Nyumbani nilisoma kadi kwa sauti, jina la kwanza hadi la mwisho, na yeye akaitikia kila jina kama mtoto wa shule anayeitwa darasani. Nikamnyooshea ufunguo. Hakuupokea.

"Na chako?"

"Changu nini, Mama?"

"Kitambulisho. Nitalala kwa nani?"

Hakuna mgeni aliyewahi kuniuliza. Nilikitafuta kwenye droo, nikampa nikiona haya kidogo. Alikisoma, kisha akatazama picha iliyopigwa nilipokuwa nimetoka shuleni juzi tu, shingo nyembamba, macho makubwa.

"Huyu hajatoka kwao," alisema.

"Alitoka, Mama. Alitoka sana."

"Na akarudi." Alinirudishia kadi kwa mikono miwili, akapokea ufunguo. "Basi nitalala vizuri."

Alfajiri nilimsindikiza. Mzee aliingizwa kwa wakati, na mama akaweka sahihi. Aliporudi adhuhuri macho yalikuwa mekundu, ila kwa usingizi, si kwa kilio. Alisema karani aliitazama kadi, akaandika namba, akamrudishia. "Hata hakunifungua kitambaa," alisema, na nadhani alikuwa na kinyongo kidogo.

Nilimsimulia kaka yangu yote kwa simu. Aliuliza kama yule mama bado yupo, na anakula nini, na nimempikia vizuri. Habari ya kuuza haijasikika tena tangu hapo, na sijamkumbusha.

Mzee aliporuhusiwa walihitaji kukaa mjini kidogo, karibu na kliniki. Alishuka kwenye teksi akiwa na magongo, mrefu, amechoka, kofia ya sufu hadi kwenye nyusi. Nilitoka barazani kuwapokea, nikasita. Nilimwonea huruma. Maumivu yalikuwa usoni pake wazi, na kitanda nilikuwa nimekitandika. Nikafungua mdomo kusema apite tu.

"Simama hapo, Mzee," mama alisema, akimzuia kwa mkono kifuani. "Toa kadi kwanza. Na uvue kofia."

"Kwa nini nivue kofia na baridi hii? Hapa ni mahakamani?"

"Vua, Mzee. Hapa kwetu ndivyo tunavyoingia."