Chafya Iliyobanwa

Jina alilopewa na wazazi hutajwa na mkewe tu, tena akiwa amekasirika. Kule kwenye maghala ya nafaka, tangu mlinzi wa getini hadi meneja, walimwita Chafya. Mwenyewe hakununa. Husema Mungu alipogawa pua yeye alichelewa kwenye foleni, akapewa ile iliyorudishwa na mtu mwingine.

Kazi yake ilikuwa kufagia vumbi la mahindi kwenye njia ya chini, panapopita mkanda wa kupeleka nafaka mnarani. Sasa wewe fikiria: mtu ambaye jirani akikung'uta shuka yeye anapiga chafya, ndiye aliyekwenda kuomba kazi ya kufagia vumbi! Ukimuuliza, atakujibu kwamba akili zake zilikaa nyuma ya pua, na njia ilikuwa imeziba.

Chafya zake hazikuwa za siri. Kwanza ulisikia mvuto mrefu wa pumzi, halafu kimya, wenzake wakaegemea makoleo wakingoja, kisha zikafumuka tatu mfululizo. Aliyezicheka kuliko wote ni shemeji yake, kitinda mimba wa kwa mkewe, ambaye Chafya mwenyewe alimwombea kazi pale pale. Walipokaa kula, kijana aliiigiza ile chafya, na mvuto wake na kimya chake, mpaka watu wakapaliwa.

"Shemeji, hiyo pua ungeiacha nyumbani ilinde watoto," alimwambia.

"Cheka tu. Mcheka kilema hafi bila kumfika."

"Aa wapi. Mimi na vumbi tunaelewana."

Kumbe vumbi halielewani na mtu. Kwamba likitanda hewani linaweza kulipuka, wote waliambiwa siku ya kwanza ya kazi, wakaitikia kwa vichwa, wakasahau. Asubuhi moja, huko mnarani, chuma kilisagana na chuma hadi kikatoa cheche. Chafya alikuwa nje, kwani msimamizi alikuwa anaongea na simu na amemfukuza akapigie chafya zake uani. Wengine huokolewa na malaika, husema. Yeye aliokolewa na kamasi.

Mlipuko wa kwanza haukuwa mkubwa, ila ulikung'uta vumbi lote lililolala juu ya maboriti kwa miaka. Wa pili ndio uliong'oa paa. Msimamizi hakutoka. Fundi wa mashine hakutoka, wala yule mama mshona magunia aliyekuwa akimwekea Chafya kitambaa safi kila Jumatatu. Hao hawafanyii mzaha. Akifika hapo hupenga kwanza, ndipo akaendelea.

Shemeji naye hakuonekana. Chafya aliketi juu ya ndoo karibu na bomba la maji, mweupe kwa vumbi kichwa hadi miguu, akipiga chafya na kulia kwa pamoja. Aliuogopa moto, lakini alimwogopa zaidi mkewe. Angemwambia nini? Kwamba nilimtafutia mdogo wako kazi, akaungua, mimi nikiwa nje napenga?

Mzimamoto mmoja akainua mkono pale kwenye kifusi. "Nimesikia mtu anapiga chafya huku chini."

"Ni huyu hapa bombani," mlinzi wa getini akamjibu. "Huyu ndizo zake."

Wazimamoto wakaanza kuhamia upande wa pili.

Chafya alitaka kusema siyo mimi, lakini pumzi ilikwisha kuanza kuvutwa. Alijua ikitoka hiyo, hakuna atakayemwamini tena. Sasa huyu bwana alishindwa kubana chafya kwenye harusi yake mwenyewe, akashindwa msibani kwa baba mkwe, akashindwa mbele ya daktari aliyeshika sindano. Aliikamata pua kwa mikono miwili. Macho yakamtoka, masikio yakaziba, miguu ikapiga ndoo teke.

"Nyamazeni," alisema, sauti ikatoka kama ya bata. "Mimi nimebana. Sikilizeni."

Mlinzi akamtazama, akainua mkono, watu wote wakatulia. Chini ya mabati pakasikika mvuto wa pumzi, dhaifu, halafu chafya moja.

Walimkuta shemeji, mahindi yamemfika kifuani. Kupiga kelele hakuweza, kwani kila alipotoa pumzi mahindi yalimbana zaidi, lakini chafya haiombi ruhusa. Wakamtoa mzima, isipokuwa masikio. Mlipuko uliyachukua yote mawili.

Maghala yalifungwa. Chafya sasa anauza ndoo na mabeseni, na pua yake, ikiwa mbali na vumbi, imepona kabisa. Anasema ndivyo ilivyo hasidi, imengoja hadi haihitajiki kupona.

Shemeji anaishi nao. Wakikaa kula, Chafya huinua mabega, huvuta pumzi ndefu, husita. Kijana huweka kijiko chini, anangoja. Chafya anapiga zake tatu, za uongo mtupu, mbaya kuliko za mwigaji wake wa zamani, na mkewe anajua. Shemeji hucheka mpaka machozi, kisha humgeukia dada yake na kuuliza kwa sauti ya juu mno, maana hasikii hata sauti yake:

"Ilikuwa kubwa?"

Dada yake hutanua mikono yote miwili kumwonyesha.