Kikapu cha Bernadi na Mechi Sita za Maguu

"Umeiloga timu, shemeji! Mechi sita umekuja uwanjani, tano tumefungwa!"

Bernadi, msimamizi wa timu ya Maguu, alifoka mpaka kuku wa Liuli, kule chini ziwani, wakasahau kutaga. Emerensiana, mjane wa kaka yake, hakuinua kichwa. Alichambua kahawa yake, mbivu nyekundu huku, mbichi za kijani kule, kama kila msimu tangu aolewe. Jioni hiyo hiyo mwenyekiti wa kitongoji angekuja kusikiliza shtaka, na mwanamke akishaitwa mchawi, mibuni aliyoachiwa na mumewe inapata wenyewe wengine.

"Mwaka jana nilikuwa namuuguza kaka yako, sikukanyaga uwanjani," alisema. "Mlicheza mechi thelathini. Mlishinda ngapi?"

Bernadi alikohoa. "Kumi."

"Na ishirini?"

"Tulifungwa. Lakini kwa heshima!"

Emerensiana akavuta kikapu alichokuja nacho Bernadi mwenyewe, akahesabia humo kahawa mbichi ishirini na mbivu kumi. "Hiyo ndiyo timu yako. Mbichi ni kufungwa, mbivu ni kushinda. Chota sita, hesabu, rudisha, changanya. Na macho nakufunga, nakujua kwa kuchungulia."

Akamfunga kitenge. Bernadi akachota, akafunua, akahesabu: mbichi nne. Tena: tatu. Tena: tano! Alipomaliza mara kumi, mara tatu zilikuwa zimetoka mbichi tano au sita.

"Umeona? Kahawa hizi hazijawahi kuniona uwanjani. Timu inayofungwa mechi mbili katika kila tatu, ikifungwa tano kati ya sita si ajabu. Hutokea tu."

Bernadi alikikodolea kikapu macho, jasho likimtiririka ungedhani amechimba ngoro, yale mashimo ya kilimo cha milimani, za wilaya nzima. "Au umekiloga na kikapu?"

"Kikapu chako mwenyewe, shemeji?"

"Nifunge tena. Safari hii nazitoa nyekundu tupu, na wewe utanyamaza."

Akafungwa. Akazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, akayumba huku na huku, akaziita kwa sauti nzito: "Njooni, nyekundu zangu... njooni, mniondolee aibu..."

Mlango ukasukumwa. Mzee Cuthbert, mwenyekiti wa kitongoji, alisimama kizingitini na wazee wawili nyuma yake. Akatazama kitenge machoni. Akatazama mkono kikapuni. Taratibu, akavua kofia, kama mtu aliyeingilia tambiko.

"Mwenyekiti," Emerensiana alianza, "hii ni hesabu ya—"

"Nyamaza, shemeji!" Bernadi akanguruma gizani mwake. "Zinakuja!"