Mama Mkwe Chini ya Nyumba

Mama mkwe wangu tulimzika kwake Navakholo mwanzoni mwa mvua za masika, na kabla mahindi ya msimu huo hayajakauka nilizungumza naye nyuma ya nyumba yangu, hapa Lurambi. Ilikuwa mchana. Sikuwa nimelewa, sikuwa na homa, wala sikuwa nimelala. Kazi yangu ni kukagua visima vya maji: naenda, naangalia, naandika kilichopo, si kile ninachoambiwa kipo. Haya nayo nayaandika hivyo hivyo. Ukitaka kucheka, cheka, majirani wamekwisha kukutangulia. Ukimaliza, rudi unisikilize.

Niseme kwanza mama huyo alikuwa mtu wa namna gani. Huku kwetu mwanamume na mama wa mke wake hawazoeani. Hawapeani mikono, hawali pamoja, hawatazamani usoni. Siku hizi wengi wamelegeza mambo, utawaona wamekaa kochi moja wakitazama televisheni. Yeye hakulegeza chochote. Siku moja nilikutana naye kwenye njia ya murram, nikiwa kwenye pikipiki, na kabla sijasimama alikuwa ameshaingia ndani ya shamba la miwa. Nikazima injini. Nikasikia sauti ikitoka katikati ya miwa: "Mulembe, mkwe. Nyumbani hawajambo?" Nikasimama pale nikijibu salamu za shamba zima, huku watu wa bodaboda wakipita wakinitazama kama mwendawazimu.

Nyumbani kwangu alikuja mara nyingi, lakini ndani hakuwahi kukanyaga. Alizunguka moja kwa moja hadi nyuma, akakaa chini ya dirisha la chumba cha kulala, akamwita binti yake. Nafula, mke wangu, alikaa kitandani ndani na mama yake akakaa chini nje, wakaongea kupitia dirishani mpaka jua likaanza kushuka. Kisha aliacha viazi vitamu vyake pale, akaenda. Mimi nilijua amekuja kwa kusikia kikohozi chake tu. Alikuwa amepikia kuni maisha yake yote, na kikohozi chake kilikuwa cha aina yake: viwili vifupi, halafu pumzi ndefu kama mtu anayepuliza moto.

Alipofariki, ghafla, Nafula alikuwa na mimba yetu ya kwanza. Akaacha kula. Sisemi alipunguza, aliacha. Nilimpikia uji, akaushika mpaka ukapoa. Nilimchinjia kuku, akaugeuza mchuzi kwa kijiko akaniambia ameshiba. Kliniki walimpima tumbo, muuguzi akaniita pembeni.

"Baba, huyu mtoto hakui," akasema. "Mama asipokula, sisi hapa hatuna dawa ya hiyo."

Unajua ilivyo kulala kando ya mtu unayempenda, ukihesabu pumzi zake na za mtu mwingine ambaye hujamwona bado? Basi ndivyo nilivyoishi.

Ndipo akaja mnyama. Tulianza kusikia kitu kikichimba chini ya sakafu, upande wa chumba cha kulala. Asubuhi nikazunguka nyuma, nikakuta shimo chini ya msingi, chini kabisa ya lile dirisha. Udongo mbichi, nyayo fupi nene, na mwiba mmoja mrefu wa rangi nyeusi na nyeupe. Nungunungu. Hakuna la ajabu hapo. Msitu hauko mbali, na sisi tuna mihogo.

La ajabu lilikuwa ndani ya nyumba. Jioni hiyo nilimkuta Nafula amekaa kitandani karibu na dirisha, sahani ya viazi vitamu mapajani. Anakula. Kimoja anakula, kimoja anakitupa nje. Chini tukasikia meno yakitafuna.

"Unamlisha?" nikauliza.

"Tunakula pamoja."

"Na nani?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jina lake mwenyewe. "Ni mama," akasema, akaendelea kumenya.

Nilifurahi kwa ajili ya tumbo lake na nikaogopa kwa ajili ya akili yake. Siku zilivyokwenda alinenepa mashavu, akaanza kuimba jikoni, lakini pia akaanza kuongea na sakafu. Shimo nalo lilipanuka. Ukuta wa chumba cha kulala ukapata ufa kutoka dirishani hadi chini. Jirani yangu Makokha, ambaye hakuna jambo asilolijua, alikuja akauingiza mkono ndani ya ufa huo.

"Bwana mkubwa, unangoja nini? Hiyo kitu inakulanga msingi. Mtaamka siku moja kitanda kiko kwa shimo, na bibi ana mimba."

"Nafula hataki aguswe."

"Basi ngoja aende kliniki. Weka pilipili kavu kwa debe, washa, funika mdomo wa shimo. Akitoka unanipigia simu." Akajilamba midomo. "Nyama yake ni tamu kushinda ya nguruwe."

Unaona nilivyobanwa? Nikimwacha, ukuta unaweza kuwaangukia wote wawili. Nikimfukuza, Nafula anaweza kuacha kula tena, na muuguzi alikwisha kuniambia maana yake. Nilifikiri sana, nikaamua kwamba ukuta ndio hatari ninayoweza kuiona kwa macho. Siku ya kliniki nilimsindikiza hadi kwenye bodaboda, nikarudi, nikawasha pilipili.

Mawingu yalikuwa yameshajaa, kama kawaida ya huku Kakamega baada ya chakula cha mchana. Nikapiga magoti, nikasukuma debe kwenye mdomo wa shimo, nikaupepea moshi uingie. Kimya. Nikapepea tena. Halafu chini ya nyumba yangu mtu akakohoa.

Viwili vifupi. Pumzi ndefu.

Amini usiamini, mikono yangu iliendelea kupepea yenyewe kwa muda, kama mikono ya mtu mwingine. Kisha mvua ya mawe ikashuka. Kukawa giza, mabati yakanguruma, debe likajaa barafu na moto ukafa. Nilikimbilia kona ya nyumba, nikajibana ukutani chini ya upenu. Na kwenye kona ya pili, chini ya upenu huo huo, alikuwepo mwanamke aliyejifunga leso ya manjano kuanzia kichwani, amenipa mgongo, anajifuta macho.

Ungefanya nini? Kama wewe si wa huku utasema ungeenda kumtazama uso. Mimi niligeuka, nikampa mgongo. Nilifanya hivyo kabla ya kuwaza, jinsi unavyovua kofia ukiingia kanisani. Mimi, mtu anayelipwa kwa kuangalia, nilisimama nikiutazama mgomba wa jirani wakati jambo kubwa kuliko yote niliyowahi kukutana nayo lilikuwa nyuma yangu.

"Mulembe, mkwe," sauti ikasema.

"Mulembe, mama."

"Huo moshi ni wa nini?"

"Ni... ni wa mbu, mama."

Akakohoa. "Mbu wa huku lazima ni wakubwa."

Mawe yalikuwa yakirukaruka kwenye nyasi.

"Msichana amekula nini leo?"

"Viazi, mama, na chai ya maziwa. Jumapili alikula kuku. Alimaliza hata firigisi."

Anayeishi huku anajua kwamba firigisi ni ya mwenye nyumba. Mke haigusi, na mgeni akipewa ni heshima kubwa.

"Na wewe ukamwachia?"

"Nilimwachia."

"Aliitaka mwenyewe?"

"Aliitoa kwenye sahani yangu, mama."

Nikasikia kicheko kidogo, kile cha kujizuia. "Akiwa mdogo aliiiba ya baba yake. Basi wewe ni mtu mzuri. Una haraka tu."

Nikapata ujasiri. "Mama, unalowa. Ingia ndani, mlango uko wazi."

"Ndani ya nyumba ya mkwe?" Sauti ikapanda kama ya mtu aliyetukanwa. "Wewe ulilelewa na nani? Mimi hapa chini panatosha. Mtoto akifika, nitarudi kwangu. Na huo ukuta, weka mawe upande wa nje. Mimi sichimbi huko."

Nilisema, "Sawa, mama." Nilingoja aseme lingine. Mvua ilipopungua na mwanga kurudi, nikageuka polepole. Kwenye kona hapakuwa na mtu. Nungunungu mzee, mnene, miiba yake ikidondosha maji, alikuwa anatembea bila haraka kando ya ukuta. Hakunitazama. Aliingia shimoni akinipa mgongo, kana kwamba hata sasa hataki tutazamane usoni.

Sasa nitasema na lile linalonipunguzia ushahidi, maana nimeahidi kuandika kilichopo. Nafula aliporudi, alinusa pilipili kabla hajashuka kwenye pikipiki. Alinifokea, kisha akaona nilivyolowa, nikamweleza yote. Akauliza leso ilikuwa gani. Nikasema ya manjano. Akanionyesha kamba ya nguo, ambayo imefungwa kwenye kona ile ile. Leso yake ya manjano ilikuwa inaning'inia pale, imelowa chepechepe.

"Kwa hiyo niliona nguo?" nikauliza.

"Nguo inakohoa?" akajibu. Halafu akaanza kucheka, mikono tumboni, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu mazishi. "Mbu! Umemwambia mama yangu moshi ni wa mbu!" Na baadaye, akiwa ametulia: "Habari ya firigisi ya baba sijawahi kukuambia." Ni kweli. Hakuwahi.

Nilijenga mawe upande wa nje. Ufa haukuongezeka. Makokha nikamwambia mnyama amehama, na tangu hapo nikawa mimi ndiye ninayemenya viazi vya dirishani. Nungunungu sikumwona tena kwa karibu, lakini kila nilipopita nyuma nilisalimia, na kila nilipofika karibu na shimo nilisikia miiba ikigeuka.

Binti yetu alizaliwa hospitalini, mzito, mwenye sauti. Tulipomleta nyumbani ilikuwa jioni. Nafula akamlaza karibu na dirisha na mtoto akalia kilio chake cha kwanza katika nyumba hii. Chini ya sakafu kukawa na mchakacho. Nikatoka. Nilimkuta ameshafika kwenye ua, akapenya, akashika ukingo wa barabara kuelekea upande wa Navakholo. Nilimwona mgongo tu, miiba ikilia kidogo kidogo kila hatua. Nilisimama mpaka nikawa simsikii tena.

Shimo likabaki baridi. Mtoto tumempa jina la bibi yake, kwa hiyo humu ndani binti yangu mwenyewe ninamwita mama, na anaponikojolea ninaomba radhi mimi.

Mtoto alipopata nguvu tulimpeleka Navakholo kwa babu yake. Baba mkwe ni mzee wa maneno machache, mkulima wa miwa, amebaki peke yake katika boma lile. Alimpakata mjukuu, na Nafula akamsimulia habari yote tangu mwanzo. Nilitegemea atatukemea, maana ni mtu wa kanisa. Alisikiliza hadi mwisho, akimpapasa mtoto mgongoni.

"Alisema anarudi kwake?" akaniuliza mimi.

"Ndivyo alivyosema, baba."

"Na alitoka kwenu siku mlipomleta mtoto?"

"Siku hiyo hiyo."

Mzee akatazama njia inayopita kati ya miwa.

"Sasa mbona hapa hajafika?"

Hadi leo hajafika. Si mbali, lakini katikati kuna mbwa, kuna miwa inayochomwa kabla ya kukatwa, na kuna watu kama Makokha. Kwa hiyo nakuonya wewe unayeishi kati ya Lurambi na Navakholo. Ukisikia kitu kinachimba chini ya nyumba yako, usikimbilie pilipili. Salimia kwanza. Kikikugeuzia mgongo, kigeuzie wako, kipe kiazi, na utuletee habari.

Baba mkwe ameacha kufunga mlango wa jikoni. Kila jioni anaweka viazi nje, na kila asubuhi anavikuta vyote.